Uchovu wa kazi ughaibuni: mazungumzo na ndugu zangu wa nyumbani

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote, ndugu watazamaji. Leo sitawatembeza madukani wala mitaani. Nataka tuzungumze jambo ambalo sisi wauguzi tuliotoka Kenya kuja kufanya kazi Uingereza tunaambiana wenyewe kwa wenyewe katika chumba cha mapumziko, kwa sauti ya chini, na tukipiga simu nyumbani hatuligusi kabisa: uchovu wa kazi uliofika mahali ambapo usingizi hauuondoi. Nasema nanyi mlio nyumbani kwa makusudi, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba uchovu huu hauponi kwa likizo peke yake, na kwamba sehemu kubwa ya tiba yake imo katika mapatano yetu nanyi juu ya fedha na muda.

Kuchoka baada ya zamu ya saa 12 ni jambo la kawaida. Unaoga, unakula, unalala, na kesho yake mwili umerudi. Ninaouzungumzia ni mwingine. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuuhusu baada ya kuwaona watu waliojitolea katika kliniki ya bure mjini New York, watu walioanza kwa ari kubwa, wakiishiwa nguvu na moyo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, likasisitiza kwamba si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Alama zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona hafai tena katika kazi aliyokuwa akiimudu. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha mimi.

Wodini kwetu, ambako tunawauguza wazee, alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa akiita usiku kucha akimuulizia mumewe, ambaye alikuwa ameshafariki zamani. Miaka ya nyuma ningevuta kiti, nimshike mkono, nimuulize walikutana wapi na nani alianza kumsemesha mwenzake. Usiku ule nilimjibu kwa adabu, nikamfunika blanketi vizuri, nikaondoka, na ndani yangu hapakuwa na kitu, si huruma wala hasira. Baadaye, nikiwa kwenye toroli ya dawa, nilisoma mstari mmoja wa karatasi ya mgonjwa, yaani jina la dawa, kipimo chake na saa ya kutolewa, na nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa sikumbuki mwanzo wake. Nilirudia, nikarudia tena, kisha nikaiweka dawa chini na kumwita mwenzangu tuisome pamoja. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kufanya, na mgonjwa alipata dawa yake sawasawa. Lakini nilijua kwamba kichwa changu kinaniomba msaada.

Uchovu wa namna hii huwapata wenyeji pia, kwa kuwa wodi zina upungufu wa watu na kazi ni nzito kwa kila mmoja. Sisi wageni tunaongeza juu yake kitu kingine, nacho ni zamu za ziada. Muuguzi wa hospitali za umma hapa huajiriwa kwa saa 37.5 kwa wiki. Sheria inaweka kikomo cha wastani wa saa 48, lakini mfanyakazi anaweza kutia sahihi karatasi ya kukubali kuzidisha, na wengi wetu tunaitia bila hata kuisoma, kwa sababu huko nyumbani kuna karo, kuna kiwanja, kuna mgonjwa wa familia na kuna matanga. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti ulioonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Nawajua wauguzi wanaozivuka saa hizo mwezi baada ya mwezi, na picha wanazotuma katika kikundi cha familia ni za kutabasamu.

Sisemi haya kwa kulaumu. Mimi nimesomeshwa kwa jasho la watu, na kurudisha fadhila ni wajibu ninaoupenda. Ila nilipoona nimefika ukingoni niliketi na hesabu zangu, nikampigia mama kwanza, kisha kaka yangu mkubwa, nikawatajia mshahara wote, kodi ya serikali, kodi ya nyumba, umeme na nauli, hadi kinachobaki. Nikawaambia kiasi nitakachotuma kila mwezi, kisichobadilika, na kwamba dharura tutazichangia sote kwa mfuko mmoja atakaoushika kaka. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani wewe hulala saa ngapi?" Katika simu zetu zote tulikuwa tumezungumza karo, mvua na bei ya unga, usingizi wangu haukuwahi kuingia.

Upande wa kazini nilikwenda kwa daktari wa mtaa. Wenzangu wengi huogopa hatua hii wakidhani kwamba kuugua kutaharibu visa, ilhali likizo ya ugonjwa ni haki ya mfanyakazi, na katika hospitali za umma hata mwajiriwa wa mwaka wa kwanza ana mwezi mmoja wa mshahara kamili na miwili ya nusu mshahara akiugua. Cheti cha daktari kinaweza pia kupendekeza urudi kazini hatua kwa hatua, kwa saa chache kwanza au kwa majukumu mepesi. Nilirudi hivyo. Msimamizi wangu alipouliza kama naweza kuchukua zamu ya Jumamosi, nilijibu kwamba siwezi, bila maelezo marefu, na kwangu mimi niliyelelewa kutomkatalia mkubwa, jibu hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote niliofanya ili nisajiliwe hapa. Huruma ilirejea polepole, nami nikapata nafasi ya kuanza kozi ya kuwauguza wazee wenye matatizo ya kumbukumbu, jambo nililolitamani tangu nifike na ambalo zamu za ziada zilikuwa zimelimeza.

Kwa wauguzi wenzangu mnaonitazama mkiwa huku, ile karatasi ya saa 48 haikufungi milele. Muandikie mwajiri wako barua fupi ya kuiondoa. Muda wa taarifa ni siku saba, au mrefu zaidi ikiwa mlikubaliana hivyo kwa maandishi, lakini hauwezi kuzidi miezi mitatu. Huhitaji kueleza sababu. Andika tarehe, tia sahihi, na ubaki na nakala.