Glasi Mbili, Tena Si Kila Siku: Wafaransa na Mvinyo Wao

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie Ulaya na pombe, lakini Ulaya ni pana mno kwa dakika nilizopewa. Nitabaki Ufaransa, kwa sababu kule kwa muda mrefu mvinyo haukuhesabiwa kuwa pombe. Ulikuwa chakula.

Naona mnaguna. Hadi mwaka 1956 mtoto wa shule ya msingi aliweza kunywa mvinyo uliotiwa maji kwenye kantini ya shule, mchana, na mwalimu akiona. Mwaka huo serikali ilipiga marufuku kwa walio chini ya miaka 14. Kwenye sekondari za juu marufuku ilifika 1981. Pierre Mendès France, waziri mkuu aliyegawa maziwa mashuleni mwaka 1954, alikejeliwa kweli kweli.

Sasa tuje 1991. Januari ilipitishwa Sheria ya Évin, iliyobana matangazo ya pombe na kulazimisha onyo kwamba kunywa kupita kiasi ni hatari kwa afya. Sikilizeni vizuri: kupita kiasi. Kiasi chenyewe hakikuguswa. Novemba mwaka uleule, televisheni ya Marekani ikatangaza kwamba Wafaransa wanakula siagi na jibini bila mioyo yao kudhurika sana, huenda kwa sababu ya mvinyo mwekundu. Wauza mvinyo wangetaka nini zaidi?

Kasoro ilikuwa kwenye hesabu za dai hilo la faida ya mvinyo. Ukiwalinganisha wanywaji wa kiasi na wasiokunywa kabisa, kundi hili la pili limechanganya watu. Yumo aliyeacha pombe kwa sababu ini limeharibika, yumo aliyekatazwa na daktari kwa dawa anazomeza. Bila shaka kundi hilo litaonekana gonjwa! Tena mnywaji wa glasi moja na chakula mara nyingi ana kipato kizuri na hospitali karibu. Watafiti walipowatenga walioacha kwa maradhi, faida ile ilinywea. Upande wa saratani faida haijawahi kuwepo: pombe imo kwenye orodha ya visababishi tangu 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango kisicho na hatari.

Wataalamu wa Ufaransa wenyewe walishusha kiwango mwaka 2017: glasi zisizidi 10 kwa wiki, zisizidi mbili kwa siku, tena si kila siku. Februari 2018 Waziri wa Afya, Agnès Buzyn, alisema kwamba kiafya mvinyo hauna tofauti na vodka. Wiki chache baadaye Rais Macron akasema kwamba yeye hunywa mvinyo mchana na jioni.

Lakini mimi siamini kwamba madaktari ndio waliowabadilisha Wafaransa. Mwaka 1960 kila mtu alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Leo ni kama 40. Matumizi yaliendelea kushuka hata miaka ile walipokuwa wakiambiwa mvinyo ni dawa ya moyo. Watu walihamia mjini, chakula cha mchana kikawa cha haraka, polisi wakaanza kupima pumzi za madereva, na vijana wakaagiza bia. Mwaka 2023 serikali ilitenga euro milioni 200 kuondoa mvinyo uliokosa wanunuzi, na mwingi ulichemshwa upya kupata spiriti ya manukato na ya kusafishia mikono.

Haya, maswali.