Mashine Ikiandika E000, Imeona Nini?

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Nashukuru mmekuja siku ya kazi. Najua saa hii kuna mteja amefika dukani kwako na kitambulisho mkononi, anataka kopi mbili tu, na amekuta mlango umefungwa.

Nimeombwa nizungumzie namba za hitilafu kwenye mashine za fotokopi. Naona wengi mmekuja na daftari, mkitarajia niwasomee orodha: ukiona namba hii, badilisha kifaa hiki. Orodha hiyo sitaisoma, kwa sababu niliwahi kumtia mtu hasara kwa kuitegemea.

Ilikuwa ofisi ya shule moja, kijijini, mwisho kabisa wa laini ya umeme. Mashine ni Canon imageRUNNER, na kwenye kioo imeandika E000. Kwa mashine hizo E000 inahusu fyuza, lile jiko la ndani linaloyeyusha tona, yaani wino wa unga, ishike kwenye karatasi. Nilikuwa kijana kazini, orodha yangu ninayo mfukoni: E000, fyuza. Nikawauzia fyuza. Siku ya nne wakanipigia simu, E000 imerudi. Nikaenda, nikabadilisha themista, kile kihisi kinachopima joto la fyuza. Wiki haikuisha, imerudi tena. Mitihani ya muhula iko mlangoni, mwalimu mkuu amekaa ananitazama tu, hasemi neno.

Safari ya tatu ndipo nilipotia mita kwenye soketi. Mashine ikiwa imezimwa, volti 226. Nikaiwasha. Taa ya fyuza, ile inayotoa joto, ilipoanza kuvuta umeme, mita ikashuka mpaka 184. Nikaufuata waya. Nikakuta ekstensheni nyembamba imepitishwa chini ya zulia, imebeba mashine, feni na birika la chai, na plagi yake imeungua hadi plastiki imegeuka kahawia.

Sasa hapa naomba tukae kidogo. Volti 184 ni pungufu kwa moja ya tano ukilinganisha na 230 tunazotakiwa kupata. Lakini joto halipungui kwa moja ya tano, linapungua karibu theluthi. Volti zikishuka, na mkondo unaopita kwenye taa nao unashuka, kwa hiyo nguvu inapigwa pande zote mbili. Mashine inaipa fyuza muda maalumu, sekunde chache tu, iwe imefika kwenye joto la kazi, ambalo mara nyingi ni karibu nyuzi 180. Muda umekwisha, joto halijafika. Inasimama, inaandika E000. Mashine ilisema kweli tupu: joto halikupanda. Maneno "badilisha fyuza" niliyaongeza mimi.

Fyuza niliyoitoa ilikuwa nzima. Nilirudisha fedha za shule kwa awamu tatu.

Tangu siku ile, nikikuta namba yoyote najiuliza kwanza: kuna kihisi gani hapo, na kimeona nini? Canon huandika E, Ricoh huandika SC na namba tatu, Kyocera huandika C na namba nne, lakini karibu kila namba ya namna hiyo ni taarifa ya kihisi au ya mota fulani. E001 ya Canon ni joto lililozidi. SC542 ya Ricoh ni fyuza iliyochelewa kupata moto. C6000 ya Kyocera ni ndugu wa hizo. Namba inakwambia mlalamikaji ni nani. Mkosaji unamtafuta mwenyewe.

Tazameni hiki. Wa nyuma mnaweza kusogea. Hii ni themista ya fyuza, waya mbili na kichwa kidogo kama punje ya mtama. Nimeishika kwenye mita, inasoma ukinzani wa kiloomu 300 na kitu. Sasa naibana kwa vidole viwili tu, bila moto. Mnaona? 280. 250. Inaendelea kushuka. Ikipata joto, ukinzani unapungua, na kwa njia hiyo ndiyo bodi, ule ubongo wa mashine, inajua fyuza ina moto kiasi gani. Sasa nakata waya mmoja. Mita haisomi chochote. Kwa bodi, hiyo ni baridi kali kuliko baridi yoyote ya duniani, kwa hiyo inakataa kuendelea. Na kuna hali ya katikati iliyo mbaya zaidi: themista ikivikwa ganda la tona iliyoungua, inasoma joto dogo kuliko lililopo. Bodi inaongeza moto, na hakuna anayeiambia acha.

Hapo nataka kusema jambo ambalo linaniuma. E000 kwenye Canon nyingi, na zile SC za fyuza kwenye Ricoh, haziondoki kwa kuzima na kuwasha. Lazima uingie kwenye menyu ya fundi uifute. Waliotengeneza walikusudia hivyo, ili mtu mwenye ujuzi afungue aangalie kabla moto haujawashwa tena. Siku hizi mtu anatafuta kwenye simu, anabonyeza vitufe kama alivyoonyeshwa, namba inafutika, kopi zinaendelea. Kesho anafuta tena. Na nimekuta, kwa macho yangu, fyuza ambayo fundi aliitoa ile thamostati ya usalama akaunga waya moja kwa moja. Ile thamostati ndiyo mlinzi wa mwisho, inakata umeme vihisi vingine vyote vikishindwa. Kuiondoa ni kuweka moto ndani ya chumba kilichojaa karatasi ukafunga mlango ukaenda kulala. Hofu hii ni ya zamani kama mashine zenyewe. Xerox 914, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1959, ilikuwa na tabia ya kuchoma karatasi, na iliuzwa pamoja na kizimamoto chake.

Karatasi kukwama tutapita haraka, maana nyote mnaijua. Ila mambo mawili. Mashine ikisema karatasi imekwama na ndani hamna kitu, tafuta vimikono vidogo vyeusi vya plastiki njiani mwa karatasi. Kila kimoja karatasi ikipita kinainama, ikiisha kinarudi. Kipande cha karatasi kidogo kama ukucha kikibaki hapo, kimikono hakirudi, na mashine ina haki kusema karatasi ipo. Kipande hicho hutokana na kuvuta kwa hasira, kinyume na mwendo wa rola. La pili ni la sisi watu wa pwani: unyevu. Ganda la rimu limetengenezwa kuzuia unyevu. Ukilichana jioni ukaacha karatasi wazi usiku kucha msimu wa masika, asubuhi zimejikunja, zinaingia mbili mbili, na rola mpya inalaumiwa bure. Rola yenyewe ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Petroli inaua mpira.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono. Naam, mama. Anasema kopi zake zina mstari mweusi mwembamba kutoka juu mpaka chini, na fundi amemwambia drumu, ile silinda inayobandika tona kwenye karatasi, imekufa. Nikuulize, mama: ukiweka karatasi juu ya kioo kikubwa, mstari upo? Haupo. Ukipitisha juu, pale inapovuta yenyewe, ndipo unatokea? Basi usinunue drumu, tafadhali. Pembeni ya kioo kikubwa kuna kijioo chembamba, upana wa vidole viwili. Karatasi ikipitishwa juu, inasomwa hapo tu, inatembea huku taa imesimama. Tone moja la tipeksi ambayo haijakauka vizuri likiganda pale, kila kopi inapata mstari. Likwangue kwa ukucha, kisha pangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo.

Drumu ikiwa na kosa hujitaja kwa njia nyingine. Chukueni rula. Kopi hii ina doa jeusi hapa, jingine hapa, jingine hapa. Pima kutoka doa hadi doa: milimita 94. Mashine hii drumu yake ina kipenyo cha milimita 30. Zidisha kwa 3.14, unapata 94. Maana yake kila drumu inapomaliza mzunguko, mkwaruzo ule ule unagusa karatasi tena. Madoa yangeachana kwa kipimo kingine, ningetafuta rola nyingine yenye mzingo huo. Rula ya shilingi mia chache imeniokolea fedha nyingi kuliko kifaa chochote mkobani.

Sasa tuache maneno. Mashine ile pale kwenye kona imeletwa asubuhi na mwenzetu mmoja, na imeandika E000 tangu juzi. Sijaigusa. Bisibisi zipo mezani, mita ipo. Nani anaanza? Wewe dada, karibu. Hapana, bisibisi iache kwanza. Ndiyo, chukua mita. Soketi iko nyuma ya pazia.