Kibaba cha udhu

Assalaam alaykum, wanangu, walimu wa kesho.

Juzi kabla ya adhuhuri mwenzenu mmoja alikubali atawadhe bombani huku tumekinga beseni. Alipomaliza tukayapima maji kwa kibaba hiki nilichoshika. Vilitoka vibaba kumi na kimoja. Sahaba Anas, katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, anatueleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa mudi moja tu. Mudi, karibu sawa na kibaba hiki, ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Haifiki lita moja.

Hadithi ile ya Saad, aliyekatazwa israfu hata akiwa penye mto unaopita, tunaipenda mimbarini, lakini sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina maneno. Anzeni na ya Anas.

Mimi sitaki mwalimu wa dini aongezewe mada ya mazingira mwisho wa muhula, isomwe mbiombio kabla ya mtihani. Somo la udhu analo tayari. Aingie na kibaba na beseni, watoto watawadhe kwa zamu, maji yakingwe. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hayo ni mustaamali, yaani yamekwisha tumika: hayatawadhiwi tena, ila ni tohara. Basi mtoto ayabebe mwenyewe akaumwagilie mche uani, na hapo hapo asomewe hadithi ya kwamba mti alioupanda Mwislamu, akila ndege au mtu, ni sadaka yake.

Mliotoka Pemba mnakijua kisiwa cha Misali. Wazee husimulia kuwa Nabii Hidhiri alitaka msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa kile kilichoelekea kibla ni mithali ya msala. Na pembeni ya msala huo watu wakivua kwa baruti! Mwaka 1998 kikafanywa hifadhi. Mwaka 1999 ikaja semina ya Fazlun Khalid, kutoka IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza, washiriki wakazisoma aya za ukhalifa (mwanadamu kuwa mwangalizi wa ardhi), amana na mizani wakiwa na bahari yao mbele yao. Kanuni za hifadhi zilikuwapo. Semina ilileta maneno ambayo mvuvi aliyasoma chuo cha Kurani tangu mdogo, kwa mwalimu kama ninyi. Laiti mwalimu yule angemwonyesha na samaki!

Jumatatu kila mmoja aje na andalio la somo la udhu, na chombo chake cha kupimia. Asiye na kibaba achukue kopo la maziwa, alipime kwanza kwa viganja vyake.