Hesabu ya Gesi Ianzie Kijijini

Wazee wetu, walimu, wanafunzi na ndugu zangu wote mliofika: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie harakati za wananchi katika maeneo yanayochimbwa gesi asilia. Nimechagua kubaki kusini mwa Tanzania, yaani Mtwara na Lindi, kwa sababu huko ndiko swali la nani anafaidika na gesi lilikoulizwa kwa uchungu kuliko mahali pengine popote nchini mwetu, na huko ndiko watu walikopoteza maisha kabla swali lenyewe halijajibiwa. Naamini kwamba wananchi wa Mtwara waliuliza swali la hesabu wakajibiwa kwa mahubiri ya uzalendo, na kwamba kazi tuliyoachiwa ni kulirudisha swali lile kwenye hesabu, tukianzia katika mkutano mkuu wa kijiji.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichopo Wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ile ya Ghuba ya Mnazi, katika rasi ya Msimbati, ikagunduliwa mwaka 1982. Kwa miaka mingi hazikumnufaisha mtu yeyote. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, na miaka michache baadaye gesi ya Ghuba ya Mnazi ikaanza kuzalisha umeme uliotumika hukohuko kusini. Naomba jambo hili la pili tulishike, kwa kuwa wengi wanaosimulia habari za Mtwara hulisahau. Watu wa Mtwara walikuwa wameona kwa macho yao kwamba gesi inaweza kutoka chini ya bahari yao, ikageuzwa umeme palepale, na taa zikawaka majumbani mwao. Kwa hiyo waliposema baadaye kwamba mitambo ijengwe kwao na umeme ndio usafirishwe, walikuwa wanaeleza jambo walilokwisha kuliona likifanyika.

Kuanzia mwaka 2010 kampuni za kigeni zilianza kugundua gesi nyingi zaidi katika kina kirefu cha bahari, na makadirio ya hazina ya taifa yakapanda hadi kupita futi za ujazo trilioni 50. Viwanja vya Mtwara mjini vikapanda bei, na maneno kwamba mji ule utakuwa Dubai yakawa ya kawaida vijiweni na hata katika vinywa vya wanasiasa. Kisha, mwezi Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi la bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lililogharimiwa kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola za Marekani bilioni moja. Jiwe lenyewe liliwekwa Kinyerezi, Dar es Salaam, na sherehe ikafanyika huko ambako gesi ingefikia, na waliobaki Mtwara wakaisikiliza redioni.

Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu ya wananchi wakaandamana kwa miguu kuingia Mtwara mjini, wakisema maneno mawili yaliyojulikana nchi nzima kuanzia siku ile: gesi haitoki.

Ili kuelewa uzito wa maneno hayo, inafaa mtu akumbuke kusini ilikopitia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na kwa ajili yake ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikustawi, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Halafu yakaja mapambano ya ukombozi wa Msumbiji, na kwa miaka kumi mikoa ile ya mpakani ikabeba mzigo wa wakimbizi, wa kambi za wapiganaji na wa hofu ya mashambulizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, ilhali barabara ya lami ya kuiunganisha na Dar es Salaam ikachukua miongo mingi kukamilika. Mzee wa Mtwara aliyeona reli ikiondoka akiwa kijana, kisha akaambiwa uzeeni kwamba na gesi nayo itaondoka, hakuhitaji mchochezi wa kumfundisha hasira.

Jibu la viongozi lilikuwa kwamba rasilimali ni za Watanzania wote, na kwamba hakuna mkoa unaoweza kuhodhi kilichomo ndani ya ardhi yake. Kama kanuni, mimi nakubaliana nalo kabisa, na sijui Mtanzania mwenye busara atakayelikataa, kwa maana pamba ya Shinyanga, dhahabu ya Geita na korosho za Mtwara yenyewe zimelijenga taifa moja. Lakini kanuni ile haikujibu kilichoulizwa. Mtu akiuliza kijiji chake kitabaki na kiasi gani, kwa utaratibu gani na kuanzia lini, kumwambia kwamba sote ni ndugu ni kumwacha na swali lake mkononi. Mwishoni mwa Januari 2013 ghasia zilizuka Mtwara na Masasi, watu wakafa, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda kuzungumza na makundi mbalimbali ya wananchi. Alisikiliza, na ikaelezwa kwamba mitambo ya kusafisha gesi ingejengwa Madimba, mkoani Mtwara. Nasema kwa moyo mzuri kwamba mazungumzo yale yalipaswa kufanyika kabla ya jiwe la msingi, wala si baada ya mazishi.

Tarehe 22 Mei mwaka huohuo, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilithibitisha bungeni kwamba bomba linaendelea, na Mtwara ikalipuka tena. Nyumba na ofisi zilichomwa moto, wanajeshi wakapelekwa, watu wakauawa, wengine wengi wakakamatwa, na wapo waliosimulia kupigwa na kudhalilishwa. Sitawasifia waliochoma nyumba za watu. Nyumba iliyochomwa ilikuwa na watoto ndani ya familia yake, na moto ule uliwapa wakubwa sababu ya kuyaita madai yote uhalifu. Wala sitanyamaza juu ya nguvu iliyotumika dhidi ya raia, kwani hofu iliyoingia vijijini wakati ule ilidumu muda mrefu, na watu wengi wakajifunza kwamba kutaja neno gesi katika mkutano ni kujitafutia matatizo. Bomba lilikamilika, likazinduliwa Oktoba 2015.

Sasa niingie katika athari zenyewe, kwa sababu siasa ya bomba imezifunika. Mwananchi wa Msimbati au Madimba hakutani na gesi kama futi za ujazo. Anakutana nayo kama mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi ambamo bomba limelazwa, ambapo haruhusiwi tena kujenga wala kupanda mti wenye mizizi mirefu. Mkorosho unahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kisha unalisha familia kwa miongo. Fidia iliyolipwa mara moja kwa mti kama huo inaweza kuwa halali kwa jedwali la mthamini na bado isilingane na kile ambacho mjukuu angevuna. Mvuvi anakutana nayo kama eneo la bahari analoambiwa asisogelee wakati wa uchunguzi wa mitetemo, yaani kutafuta gesi kwa kupima mitetemo ardhini, au karibu na miundombinu, katika maji ambayo tayari yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingiliano ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye masharti yake ya uvuvi. Mwanamke anayeokota chaza na kuwinda pweza maji yakipwa hana chombo, hana leseni na hana shamba lenye jina lake, hivyo hasara yake haiingii katika daftari la mtu yeyote. Nimekaa katika mikutano ambapo wathamini walihesabu minazi yote ya kijiji bila kumuuliza hata mwanamke mmoja siku zake za bamvua, maji yanapokupwa sana, zina thamani gani.

Sheria zetu zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ya kwa wakati. Wakazi wa Likong'o, mjini Lindi, ambako eneo lilitengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, wanaweza kutufundisha maana ya neno la mwisho kati ya hayo. Walikwisha kuambiwa ardhi yao imetengwa, wakasita kujenga na kuendeleza mashamba, wakasubiri miaka kadhaa mpaka malipo yalipotolewa mwaka 2020. Katika kusubiri huko hakuna aliyerusha jiwe, na kwa sababu hiyo magazeti hayakuwaandika sana.

Upo upande mwingine wa hesabu ambao wananchi wachache wanaufahamu. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za serikali za mitaa, kampuni hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, ambao kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo yake baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Maana yake ni shilingi zisizozidi 3 katika kila shilingi 1,000. Ni kidogo, lakini mauzo ya gesi ni makubwa, na kwa halmashauri ya wilaya ya vijijini fedha hizo zinaweza kuwa sehemu nzito ya mapato yake ya ndani. Halmashauri za Kilwa na Mtwara zimekuwa zikiupokea ushuru huu. Vilevile Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inaitaka kampuni ikubaliane na mamlaka ya serikali za mitaa juu ya mpango wake wa huduma kwa jamii, na sheria nyingine ya mwaka huohuo inataka malipo ya kampuni za uziduaji, yaani zinazochimba madini, mafuta na gesi, yawekwe wazi.

Kwa hiyo haki ya kujua ipo kwenye karatasi. Kuipata ni shughuli nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kufuatilia takwimu za ushuru huu katika ofisi moja ya umma, nikapelekwa dirisha hadi dirisha kwa siku tatu, na mwishoni nikaambiwa nirudi bosi akirejea safarini. Sikuwa na kazi ya shamba iliyonisubiri. Mwenyekiti wa kijiji aliyepanda bodaboda kwa fedha yake mwenyewe asingesubiri siku ya pili.

Niruhusuni niwatoe kidogo Mtwara niwapeleke Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, kwa sababu ni nchi tajiri yenye vyombo vyote vya uwazi na bado yalitokea yaleyale. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1959. Mwaka 1986 ardhi ilitetemeka karibu na Assen, na mwanajiografia Meent van der Sluis aliposema kwamba uchimbaji wa gesi ndio chanzo, alidharauliwa, hadi uhusiano huo ulipokubaliwa rasmi mwaka 1993. Wananchi waliunda chama chao mwaka 2009. Tarehe 16 Agosti 2012, miezi minne tu kabla ya maandamano ya Mtwara, tetemeko la ukubwa wa 3.6 lilipasua kuta za nyumba nyingi karibu na kijiji cha Huizinge. Kilichofuata hakikuwa cha siku moja. Watu walipiga picha nyufa, wakaandika tarehe, wakapinga ripoti za wakaguzi waliosema nyufa zilikuwepo tangu zamani, wakaenda mahakamani, wakaandamana usiku kwa mienge. Mwaka 2018 serikali iliamua kuachana na gesi hiyo hatua kwa hatua, uchimbaji ukakoma Oktoba 2023, na mwaka huohuo uchunguzi wa Bunge ukakiri kwamba maslahi ya watu wa Groningen yalipuuzwa kwa miongo mingi. Kusini kwetu dai halikuwa kwamba uchimbaji usimame, nami sisemi usimame. Nilichovutiwa nacho ni subira ya kuweka kumbukumbu, ambayo ilimfanya mwenye nyumba ya kawaida aweze kubishana na mhandisi wa kampuni akiwa na ushahidi mkononi.

Kumbukumbu kama hizo sisi tunaweza kuziweka bila fedha ya mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Katika mkutano huo wananchi wanaweza kuagiza, kwa muhtasari uliopigwa mhuri, kwamba mtendaji aiandikie halmashauri kuuliza ushuru wa huduma uliopokelewa katika robo iliyopita na miradi uliyoigharimia. Wanaweza kuteua watu wanne au watano, wanawake wakiwa angalau nusu, watunze daftari moja la bahari na moja la ardhi: siku ambazo wavuvi walizuiwa na mahali gani, kilo za pweza kabla na baada, miti iliyokatwa na ya nani, fidia iliyoahidiwa, iliyolipwa, na tarehe zake. Muhtasari wenye mhuri ni mgumu kuuita uchochezi, na daftari halikamatwi likawekwa rumande.

Mazungumzo ya mradi mkubwa wa Lindi, yaani kile kiwanda cha gesi kimiminika cha Likong'o, yamechukua miaka mingi, na wengi wanauona ucheleweshaji huo kuwa balaa tupu. Kwa vijiji na mitaa ya pwani ile mimi nauona kuwa muda ambao Msimbati hawakuupata. Leo bado inawezekana kupima mavuno ya bahari ya Likong'o kabla meli za ujenzi hazijafika, kuhesabu visima vya maji na kujua ladha yake, kuorodhesha mashamba kwa majina ya wanaoyalima, wake kwa waume, na nakala moja ikabaki kijijini, ya pili ikaenda kwa mtendaji wa kata, na ya tatu ikahifadhiwa hapa chuoni kwenu, endapo mtakubali kuipokea. Nimekuja na madaftari kumi na mawili ya kuanzia, yapo pale mezani karibu na mlango.