Kazi ya Kiongozi Kabla Mwekezaji Hajashuka Gatini

(Mhadhara kwa viongozi wa wadi na wakuu wa idara, Lamu)

Asalaam alaikum, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, kina mama na vijana.

Mada ni namna kiongozi anavyovuta mitaji ya watu binafsi. Nianze na msamaha wa kodi, maana ndio unaotangulia kutajwa katika kila kikao, nami naona ndio wenye uzito mdogo. Kampuni iliyo ndani ya ukanda maalumu wa kiuchumi, kwa sheria ya 2015, hulipa asilimia 10 ya faida kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 15 kwa miaka 10 inayofuata, badala ya 30. Ni nafuu kubwa, ila ni nafuu juu ya faida. Kiwanda ambacho umeme hukatika kila mara, maji hakina na ardhi yake iko mahakamani, faida yenyewe hakina. Hapo umemsamehe nini?

Mwekezaji makini huuliza mengine, na majibu yake yako mikononi mwa viongozi waliomo ukumbini humu. Tuchukue kiwanda cha barafu hapa Amu, kitu ambacho wavuvi wanakihitaji kweli. Kwa joto letu, kilo moja ya samaki hutaka kama kilo moja ya barafu. Tuseme kiwanda ni cha tani 10 kwa siku. Tani moja ya barafu ya mapande hula uniti 55 hadi 70 za umeme, kwa hiyo hesabuni uniti 550 hadi 700 kila siku. Maji nayo ni zaidi ya lita 10,000, kwani kuna yanayomwagika na ya kuoshea.

Maji hayo yatatoka wapi? Mji huu unakunywa maji ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda kisimani, na ikishapanda haishuki upesi. Basi kabla ya kibali, kisima kijaribiwe: pampu iende mfululizo siku nzima au zaidi, kina cha maji na kiwango cha chumvi vipimwe kila saa, kisha pampu izimwe na ipimwe inachukua muda gani maji kurudi. Jaribio lifanywe mwisho wa kiangazi, si baada ya masika, la sivyo namba zitawadanganya. Kiongozi anayetoa kibali bila kipimo hicho anamgombanisha mwekezaji na mji mzima, na mwenye haki ni mji.

Kuna jambo la msimu pia. Kusi ikivuma, mashua ndogo haziwezi kutoka nje ya miamba kila siku. Samaki hupungua, na barafu inakosa mnunuzi. Benki, kwa upande wake, hudai marejesho yaleyale kila mwezi. Viwanda vingi vidogo vya pwani vinaweza kufia hapo, soko likiwepo na mitambo ikiwa mizima. Dawa yake ni kuzungumza na benki mapema, marejesho yawe makubwa wakati wa kaskazi na madogo wakati wa kusi.

Na mkopo uwe wa sarafu gani? Dola 200,000 katikati ya 2021 zilikuwa kama shilingi milioni 21.6. Januari 2024, dola ilipofika kama shilingi 160, deni lilelile likawa milioni 32. Mvuvi hununua barafu kwa shilingi, hajui dola. Mwekezaji akija kuomba kaunti imdhamini, mkumbuke kuwa kaunti yenyewe haikopi ila kwa dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Ndivyo katiba inavyosema katika kifungu cha 212. Msimtolee ahadi ya mdomo.

Ahadi za serikali zina gharama hata zikiwa za kweli. Mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo kando ya Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Njia ya umeme ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikuwa jukumu la serikali. Mkandarasi wake kutoka Hispania alifilisika, na njia ikawashwa Septemba 2018. Kwa muda wote huo mkataba ulidai malipo ya umeme ambao ungezalishwa, na fidia ikafika mabilioni ya shilingi. Kwa hiyo kila mnapoandika "kaunti itajenga barabara" au "kaunti itafikisha maji", ulizeni papo hapo: ikichelewa miezi sita, nani analipa, na kutoka fungu gani?

Sasa ardhi, ambayo hapa kwetu ina jeraha. Mwaka 2014 rais aliamuru kufutwa hati za ekari zipatazo 500,000 katika kaunti hii. Mwekezaji yeyote anayesoma habari anajua hilo. Upekuzi wa hati katika masjala ya ardhi ni hatua ya kwanza tu. Baada yake watu watembee juu ya ardhi yenyewe na wazee wa mahali, waone nani analima, nani anachunga, njia ya kwenda mikokoni inapita wapi. Ikiwa ni ardhi ya jamii, sheria ya 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima wakubali mkataba kikaoni. Na mgeni asiye raia hapewi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99.

Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari ya Lamu iliathiri uvuvi wao. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Fedha na miaka iliyopotea pale ingetosha kuitisha mabaraza katika kila kijiji.

Kanuni za mazingira zinataka angalau mikutano mitatu na wananchi, tangazo litoke wiki moja kabla, na matangazo ya gazeti na redio yarudiwe kwa wiki mbili. Mimi naongeza: ripoti ya athari za mradi ifasiriwe kwa Kiswahili, mkutano ufike Faza na Kiunga badala ya kuwangoja watu Amu, na wavuvi waulizwe maoni yao katika siku wasizotoka baharini. Kila swali liandikwe pamoja na jibu lake. Leseni ya mazingira ikishatolewa, asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa. Mshaurini mwekezaji asiagize mitambo kabla siku hizo hazijaisha.