Kivuli Kwanza, Lami Baadaye

Assalaam alaykum. Wazee wetu, kina mama, vijana, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na feri ya Likoni, hapa kwetu Mombasa. Inapofungua mlango upande wa kisiwani, watu wa miguu humiminika kupanda mlima kuelekea Nyerere Avenue. Watazameni wanavyotembea. Hawafuati ukingo wa barabara, wanafuata kivuli: asubuhi upande huu, alasiri upande ule, hata kama ni kukatiza mbele ya matatu. Mhandisi asiyelijua hilo atamwaga zege lake zuri na watu watalikimbia.

Hoja yangu leo ni hiyo. Hapa kwetu mti uhesabiwe kuwa sehemu ya barabara, sawa na mtaro, uingie kwenye bajeti ya ujenzi tangu siku ya kwanza. Usiachiwe wageni rasmi wa kupanda mche na kupigwa picha. Miche hiyo mnaijua. Mingine haifiki masika, mbuzi washaimaliza.

Medellín, kule Kolombia, walianza mwaka 2016 kupanda shoroba 30 za kijani, yaani njia za miti na mimea, kando ya barabara na mito, na joto la sehemu hizo likashuka kwa takriban nyuzi 2. Kwa unyevu huu wetu, nyuzi 2 ni mtu kufika kazini na shati kavu.

Najua kuna atakayesema: kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe, mti utashika wapi? Basi twende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, na maji ya chini yana chumvi. Mvinje ukashika. Tatizo likawa majani yake: yalianguka yakalala pale pale, hayaozi. Wakaletwa majongoo, yale makubwa, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ndipo Haller Park, mnapowapeleka watoto kuona twiga.

Kwa barabarani mvinje siutaki, kivuli chake chembamba. Mwarobaini ni bora. Mkungu nao una kivuli kipana, ila ukipukutisha, nani atafagia mitaro? Aandikwe kabisa, pamoja na mshahara wake. La sivyo mvua kubwa ya kwanza maji yataingia madukani, na lawama zote zitaangukia mti.

Baiskeli zipewe njia, sina neno. Lakini Mombasa kuna mkokoteni. Yule anayesukuma madumu ya maji hatoi moshi hata chembe, na bado wachoraji wa barabara humsahau. Njia iwe na upana wa kumpisha, na kwenye makutano ukingo uteremke, asilazimike kuinua magurudumu kwa kifua. Tena, penye kivuli atakuja muuza madafu, atakuja na muuza mihogo. Wachorewe nafasi yao nyuma ya mashina ya miti. Wakifukuzwa asubuhi, jioni watakuwa katikati ya njia.

Mkiniuliza tuanzie wapi, mimi ningeanza na kipande cha kutoka feri hadi Digo Road. Waendao kwa miguu tayari wapo, hakuna wa kushawishiwa.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, mzee wangu, uliza.