Rabai: Kanisa la Watoro

ZAWADI: Karibuni tena. Leo tuko juu ya Mazeras, Rabai, vilimani karibu na Mombasa. Baraka, ukimuuliza mtu yeyote habari za kanisa la Rabai atakutajia jina gani?

BARAKA: Krapf. Shuleni tulikaririshwa: Krapf na Rebmann, wamisionari Wajerumani wa CMS, chama cha misheni cha Kiingereza, Rabai, 1846.

ZAWADI: Na halafu?

BARAKA: Halafu kengele ikalia, tukaenda nyumbani.

ZAWADI: (anacheka) Basi hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Krapf hakukaa sana. Alikuwa ameshamzika mkewe Rosine na kichanga chao Mombasa mwaka 1844. Aliyebaki ni Rebmann, akadumu hadi 1875, akaondoka macho hayaoni. Karibu miaka thelathini, kaka, na waumini wake unaweza kuwahesabu kwa vidole.

BARAKA: Warabai walikuwa na kaya zao, vijiji vyao vitakatifu vya msituni, na wazee wao. Wamfuate mgeni kwa sababu gani?

ZAWADI: Ndiyo hivyo. Lakini wageni hao walikaa kwenye ardhi ya Warabai, na Warabai hawakuwafukuza. Hilo huwa linasahaulika.

BARAKA: Sasa nani alilijaza kanisa?

ZAWADI: Kwanza Wabombay. Waafrika waliotekwa utotoni, manowari za Kiingereza zikawaokoa majahazini, wakalelewa India, shule ya misheni ya Nasik. Wakarudi huku wanajua Kiingereza. Mmoja wao ni William Jones.

BARAKA: Subiri, Jones huyu ndiye aliyefuatana na Hannington, yule askofu wa Kianglikana?

ZAWADI: Ndiye. Akapewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huohuo akasafiri na Hannington kuelekea Buganda. Askofu akauawa Busoga. Jones akawarudisha wapagazi waliosalia, kwa miguu, hadi Rabai. Mwanzoni mwa 1886 wakaingia na bendera ya buluu, imeandikwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi.

BARAKA: Utukufu umeondoka. Samweli wa Kwanza.

ZAWADI: Mwanafunzi wa Sunday school huyo! Haya, sasa watoro.

BARAKA: Hapa nyumbani kwetu hapa. Bibi yangu alikuwa akisema "sisi wamisheni" kwa fahari, lakini ukimuuliza misheni ilitupataje, anakutuma kuchota maji.

ZAWADI: Watumwa wa mashamba ya pwani, walitoroka usiku wakapanda vilima. Jones aliwapokea. Tatizo ni kwamba wakubwa wa misheni walikuwa wamewaahidi wenye mashamba kwamba watoro hawatahifadhiwa.

BARAKA: Kwa hiyo huku ahadi, na huku watu wako kwaya.

ZAWADI: Wako kwaya, wamelima mihogo, wameoana, wana watoto. Mwaka 1888 Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Kiingereza iliyoendesha utawala wa pwani, anafika, hesabu inafanywa katika misheni za pwani: watoro zaidi ya 1,400, wengi wao Rabai. Mabwana wao wanadai mali yao.

BARAKA: Mali!

ZAWADI: Ndiyo neno lililotumika. Mackenzie akaamua kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru.

BARAKA: Mimi hapo nakwama kidogo. Fidia kapewa bwana. Aliyelimishwa bure miaka yote kapewa karatasi.

ZAWADI: Sikubishii. Ila karatasi ile ilikuwa na uzito. Utumwa pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907. Miaka kumi na minane kabla ya hapo, mtu wa Rabai alikuwa anaweza kushuka Mombasa mchana kweupe na hati yake mfukoni.

BARAKA: Na ndani ya kanisa walipatana? Mrabai mwenye ardhi, Mbombay wa Kiingereza chake, mtoro wa jana?

ZAWADI: Usidhani ilikuwa asali. Wabombay walijiona wamesoma, wenyeji walikuwa na nchi yao, na mtoro alikuwa wa kuja tu. Lakini ibada moja, na jembe moja.

BARAKA: Leo pale jirani na kanisa kuna makumbusho, jina lake la Krapf.

ZAWADI: Nimeingia mara mbili.

BARAKA: Mimi nitampeleka bibi mwezi ujao. Nataka nimwonyeshe Jones alikokuwa akihubiri, labda safari hii hatanituma maji.